Futi trilioni 57 za gesi: nani alizipima, na je nichukue mkopo ninunue viwanja Lindi?

*"Habari mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara. Mwaka 2013 wakati wa joto la gesi nilinunua viwanja viwili kwa bei ya kuruka, mpaka leo vimeota majani tu. Sasa kuna dalali ananifuata kila wiki nichukue mkopo benki ninunue vitatu vingine Lindi upande wa Likong'o, anasema tuna gesi futi za ujazo trilioni 57, kwa matumizi yetu hata miaka mia sita haiishi, na kiwanda kinaanza muda wowote. Nimejaribu kusoma mwenyewe nikachanganyikiwa zaidi. Sehemu moja wanaandika 57, kwenye orodha ya dunia nimekuta Tanzania tumewekewa bilioni 6.5, yani hata trilioni hatufiki. Nani amepima gesi iliyo chini ya bahari, kaionaje, na niamini namba ipi? Na kama ipo kweli mbona haitoki? Mke wangu naye anauliza mbona mtungi wa jikoni haushuki bei wakati gesi ni yetu."*

Kaka, pole na hivyo viwanja viwili, na hauko peke yako, Mtwara ina watu wengi tu waliojenga hadi gesti kwa kusubiri wageni wa gesi ambao hawakuja. Jibu la haraka ni kwamba gesi ipo. Hiyo 57 dalali hakuitunga, na ile bilioni 6.5 uliyoikuta nayo haikutungwa, ila hizo namba mbili zinapima vitu tofauti, na hakuna hata moja kati yake inayosema kiwanja cha Likong'o kitapanda bei lini. Nitakueleza zinavyopatikana maana ukishaelewa hapo dalali hakusumbui tena.

Tuondoe kwanza mtego mdogo wa vipimo, maana umenasa wengi. Serikali yetu na kampuni za mafuta wanahesabu kwa futi za ujazo, orodha nyingi za dunia zinahesabu kwa mita za ujazo, na mita moja ya ujazo ni futi 35 na kidogo. Kwahiyo ile bilioni 6.5 ni mita, ukiigeuza inakuwa futi bilioni 230 hivi, sawa na trilioni 0.23. Bado ni ndogo sana mbele ya 57, sawa, lakini angalau sasa tunalinganisha kwa kipimo kimoja. Kuanzia hapa nikisema "trilioni" bila kuongeza neno ujue ni futi.

Jambo la pili watu wengi wanalokosea ni kudhani chini kuna pango kubwa au tenki limejaa gesi, na mtu ameshusha kijiti akapima kina. Hakuna pango. Gesi iko ndani ya jiwe. Chukua ndoo ijaze mchanga wa ufukweni mpaka juu kabisa, halafu mimina maji taratibu, utashangaa maji yanaingia jagi zima na zaidi wakati ndoo ulisema imejaa. Ule mwanya kati ya chembe na chembe ndio nyumba ya gesi, tofauti ni kwamba mchanga wa kule umefukiwa mamilioni ya miaka ukashikamana ukawa jiwe, na juu yake kuna tabaka la udongo mzito lisilopitisha kitu limeziba kama kifuniko. Bila hicho kifuniko gesi ingeshapanda ikapotea zamani.

Sasa wanaionaje? Meli inapita juu inavuta nyaya ndefu za kilomita kadhaa zenye vipokea sauti, inapiga mshindo wa hewa ndani ya maji, sauti inashuka, ikigonga tabaka la mwamba sehemu yake inarudi juu, inapokelewa, na kutokana na muda iliotumia kurudi wanachora picha ya matabaka yote ya chini. Huu ndio utafiti wa mitetemo, saizmiki. Mchanga wenye gesi mara nyingi unarudisha mwangwi wenye nguvu kuliko jirani zake, na ukibahatika unaona mstari umelala bapa kabisa katikati ya matabaka yaliyopinda, hapo ndipo gesi inapokaa juu ya maji, maana mpaka wa gesi na maji hautaki kupinda na mwamba. Ni picha nzuri, na inadanganya pia. Gesi kidogo tu ya kutawanyika inaweza kung'aa sawasawa na gesi nyingi. Tena picha yenyewe inapimwa kwa sekunde na sio kwa mita, kwahiyo lazima ukadirie sauti inaenda kasi gani ndani ya kila tabaka, ukikosea kasi umekosea kina na umekosea ukubwa wa eneo lote.

Ndio maana mpaka uchimbe. Huku kwetu, kwenye uwanja wa gesi wa Zafarani uliogunduliwa 2012 ndani ya Kitalu namba 2 (kitalu ni kipande cha bahari kilichotengwa kutafutia gesi), maji peke yake yana kina cha karibu mita 2,500 kabla hata hujagusa tope la chini, na kisima kimoja cha hivyo kinakula mamilioni mengi ya dola, kwahiyo hawachimbi hovyo. Kisima kikishafika wanashusha vyombo vya kupima. Kimoja kinapitisha umeme kwenye mwamba: maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, gesi haipitishi, kwahiyo ukuta ukikataa umeme ghafla unajua hapo kwenye matundu hakuna maji peke yake. Vingine vinapima uzito wa mwamba na wingi wa matundu.

Kipimo ninachokipenda zaidi mimi ni cha presha, wanachukua presha kwenye kina tofauti ndani ya kisima kilekile. Ukishuka ndani ya gesi presha inaongezeka polepole maana gesi ni nyepesi, ukishuka ndani ya maji inaongezeka kwa kasi. Unachora mistari miwili kwenye karatasi, wa gesi na wa maji, unairefusha, pale inapokutana ndio mpaka wa gesi na maji, hata kama kisima chako hakikupita hapo. Yani unaweza ukajua sakafu ya gesi iko wapi kwa mistari miwili ya penseli, na ukisoma presha vibaya kidogo tu sakafu inahama makumi ya mita.

Halafu inakuja hesabu, nayo sio siri. Nakupa mfano wa kubuni uufuate na kalkuleta ya simu. Tuseme eneo lenye gesi ni kilomita za mraba 50 na unene wa mchanga wenye gesi ni mita 40. Zidisha unapata mita za ujazo bilioni 2 za jiwe. Asilimia 20 ya hilo jiwe ni matundu, zinabaki milioni 400. Ndani ya matundu robo ni maji yaliyogandia kwenye chembe, kwahiyo gesi ina milioni 300. Lakini kule chini gesi imebanwa vibaya sana, ikija juu inatanuka, tuseme mara 300, inakuwa mita za ujazo bilioni 90, ambayo ni futi trilioni 3.2 hivi.

Sasa geuza kidogo. Eneo liwe 40 badala ya 50, unene 30, matundu asilimia 17, maji asilimia 30. Unapata bilioni 43, trilioni 1.5. Geuza upande wa pili, eneo 60, unene 50, matundu 23, maji 20, unapata bilioni 166, trilioni 5.8. Umeona? Hakuna sehemu nimebadilisha kitu kikubwa, kila namba nimeisogeza kiasi ambacho mjiolojia yeyote mkweli atakwambia hana uhakika nacho, na jibu la juu limekuwa karibu mara nne ya jibu la chini. Ni kweli sio kawaida mambo yote mabaya yatokee kwa pamoja au mazuri yote kwa pamoja, ndio maana kompyuta inarudia hiyo hesabu maelfu ya mara kwa kuchanganya namba kwa bahati nasibu, mwisho inatoa makadirio matatu: la chini ambalo kuna nafasi asilimia 90 kulivuka, la kati la asilimia 50, na la juu la asilimia 10. Mtaalamu anakupa hayo matatu. Gazeti linachukua moja, na unaweza kukisia ni lipi.

Mfano wa kweli ni Turkmenistan. Mwaka 2008 walileta wakaguzi wa nje, Gaffney Cline, wakague uwanja wao mkubwa wa gesi wa Yolotan Kusini ambao siku hizi unaitwa Galkynysh. Jibu lilikuja hivi: chini mita za ujazo trilioni 4, katikati 6, juu 14 (hapa ni mita). Huo ni uwanja mmoja, wakaguzi walewale, siku ileile. Hawakuwa wababaishaji, walikuwa wanasema ukweli kwa visima vilivyokuwepo.

Makadirio yanaanza kukaa sawa gesi ikianza kutoka. Hapo unatumia presha ya hifadhi nzima, yani jiwe lote lililoshika gesi: umetoa kiasi gani, na presha imeshuka kiasi gani. Ukitoa mita za ujazo bilioni 10 na presha ikishuka kwa asilimia 10, basi mwanzoni ilikuwepo kama bilioni 100 (kuna marekebisho ya tabia ya gesi yenyewe yanafanyika hapo, nisikuchoshe). Songo Songo inapimika hivi maana imegunduliwa 1974 na inatoa gesi tangu 2004, Mnazi Bay imegunduliwa 1982 na inatoa tangu 2006, kuna miaka ya data. Vitalu vya bahari kuu havijatoa gesi ya kuuza hata siku moja, wana saizmiki, visima, na majaribio mafupi ya kuachia gesi itoke, basi. Hata njia ya presha ina mtego wake, kama chini kuna maji mengi yanapanda kujaza nafasi gesi inapotoka, presha haishuki inavyotakiwa, unajiona tajiri, siku moja visima vinaanza kutoa maji.

Sasa turudi kwenye namba zako mbili. Ile 57, kwa ukamilifu 57.54, ni gesi iliyopo ndani ya mwamba kwenye ugunduzi wote uliofanyika, kama 47 ziko bahari kuu na 10 na kitu ziko nchi kavu na maji ya kina kifupi. Hiyo ni jumla kabla hujatoa. Haiwezi kutoka yote. Hifadhi ya gesi ikiwa nzuri unatoa asilimia 70 mpaka 80 na kitu, ikiwa na maji ya kupanda inaweza kuishia 50 au 60 maana maji yanaifungia gesi nyuma huko huko. Kwahiyo kwa kuanzia tu, kata.

Baada ya kukata bado huna akiba kwa maana wanayotumia wahandisi. Kanuni zinazofuatwa karibu dunia nzima, za chama cha wahandisi wa petroli SPE na wenzao, zinataka gesi iwe imegunduliwa, inatoka kwa teknolojia iliyopo, inalipa kibiashara, na kuna mradi ambao wenye hela wamejifunga kuufanya. Ikikosa hilo la biashara na mradi inawekwa kundi jingine, rasilimali zenye masharti. Gesi ni ileile, jiwe lilelile, lakini masharti hayajatimia. Na gesi yetu ya bahari kuu, kaka, mpaka hapa ninapoandika iko kwenye hilo kundi la masharti kwa kuwa uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haujafanyika. Ile bilioni 6.5 yako inatoka upande wa pili kabisa, inahesabu tu akiba iliyothibitishwa kwa maana finyu, na ni ya kizamani, imekaa kwenye majedwali miaka mingi bila kuguswa. Songo Songo peke yake tangu 2004 imeshatoa zaidi ya hiyo na bado inatoa. Kwahiyo moja imechakaa na ni finyu mno, nyingine ni pana mno kwa mtu anayetaka kufanya biashara. Ukinibana nichague ya kuiamini nitakwambia 57 iamini kama taarifa ya jiolojia, usiitumie kama taarifa ya hela.

Wakubwa wenyewe wameshaumia hapo. Januari 2004 kampuni ya Shell ilitangaza kwamba inaondoa kwenye akiba yake iliyothibitishwa kiasi sawa na mapipa ya mafuta bilioni 3.9, yani sehemu ya tano ya akiba yote. Hisa zikaanguka, mwenyekiti Philip Watts akaondoka Machi mwaka uleule, wadhibiti wa Marekani wakawapiga faini ya dola milioni 120 na wa Uingereza pauni milioni 17. Sehemu ya kilichoondolewa ilikuwa gesi ya Gorgon, pwani ya magharibi ya Australia. Hakuna aliyebisha kwamba Gorgon ina gesi, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kosa lilikuwa kuiandika kama akiba wakati hakuna mradi uliopitishwa. Uamuzi wa kuwekeza ulikuja 2009, na meli ya kwanza ya gesi iliyosindikwa (iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika) ikaondoka 2016. Hesabu mwenyewe, tangu kugundua mpaka kuuza ni zaidi ya miaka 30, na hata baada ya kusaini uamuzi ilichukua miaka 7, tena Australia ambako bandari, sheria na mafundi vyote vilikuwepo.

Kuna nyingine mbaya zaidi, Natuna ya Indonesia, iligunduliwa 1973, ndani ya mwamba kuna kama trilioni 222, karibu mara nne ya yetu. Shida ni kwamba zaidi ya asilimia 70 ya hicho kilichomo ni kabonidayoksaidi, gesi ya kuungua ni trilioni 46 hivi, na mpaka leo haijaendelezwa. Ukisikia "trilioni 222" ungefilisika kununua viwanja vya jirani.

Bei nayo inaumba na kufuta akiba. Marekani mwisho wa 2014 walikuwa na akiba iliyothibitishwa ya trilioni 389 hivi, mwisho wa 2015 wakabaki na 324. Je, walichoma trilioni 65 kwa mwaka mmoja? Hapana, mwaka ule walitumia chini ya nusu ya hapo. Bei ilianguka, visima ambavyo vingelipa vikaacha kulipa, vikafutwa kwenye daftari. Mwisho wa 2017 wakawa na 464. Mwamba haukusogea hata kidogo.

Na siasa pia. Groningen kule Uholanzi, iliyogunduliwa 1959, ilikuwa na mita za ujazo bilioni 2,800 hivi, mojawapo ya viwanja vikubwa vya gesi duniani. Kutoa gesi kukashusha ardhi, matetemeko yakaanza, la Huizinge la 2012 lilikuwa la ukubwa wa 3.6 likapasua nyumba za watu, wakafunga uwanja kabisa huku chini bado kuna mamia ya bilioni ya mita. Gesi ipo, nzuri, mabomba yapo mpaka mlangoni, na sio akiba tena.

Kwahiyo ukiona orodha za dunia, kwamba mwisho wa 2020 dunia ilikuwa na mita za ujazo trilioni 188, Urusi 37, Iran 32, Qatar karibu 25, hao watatu tu nusu ya dunia, zichukue kwa akili hiyo. Nchi nyingi zinajitangazia zenyewe. Urusi ina mfumo wake wa kupanga madaraja usiofanana na wa Magharibi. Iran na Qatar wanachota kwenye hifadhi ileile moja chini ya Ghuba, upande mmoja inaitwa South Pars, wa pili North Field, kila mmoja na hesabu yake. Qatar waliwahi kusimamisha miradi mipya hapo kuanzia 2005 mpaka 2017 ili waielewe vizuri kwanza, na Februari 2024 baada ya kuchimba visima zaidi upande wa magharibi wakatangaza nyongeza ya trilioni 240 za futi. Nyongeza tu, zaidi ya mara nne ya 57 yetu. Sisemi kukudharaulisha cha kwetu, nasema ili ujue mnunuzi wa gesi duniani ana machaguo, na wa kwanza kufikiriwa ni yule mwenye gesi rahisi kutoa.

Tuje kwenye miaka mia sita ya dalali. Hesabu yake kihisabati ni kweli, miaka ya karibuni nchi imekuwa ikitumia chini ya sehemu ya kumi ya trilioni kwa mwaka, ukigawanya 57 kwa hiyo unapata zaidi ya miaka 570. Lakini amegawanya gesi ya bahari kuu isiyotoka kwa matumizi ya gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambazo ndizo zinazowasha mitambo ya Dar. Hizo ndogo mbili haziwezi kukaa miaka mia sita. Na siku kiwanda cha Lindi kikijengwa, hesabu inabadilika palepale: kiwanda cha kusindika tani milioni 10 za gesi kwa mwaka kinakula karibu nusu trilioni kila mwaka, kwa miaka 30 ni trilioni 15 hivi. Ndio maana kampuni zinataka gesi nyingi iliyothibitishwa kabla hazijaweka dola, mradi wa Lindi unatajwa kwa dola bilioni 42, hakuna mtu anaweka hela hiyo kwa kutegemea namba ya gazetini.

Na mradi wenyewe umeenda hivi, ugunduzi wa bahari kuu ulianza 2010, Januari 2021 Equinor, kampuni ya Norway iliyo kwenye mradi, wakaufuta kwenye vitabu vyao kwa kushusha thamani dola milioni 982, Juni 2022 ukasainiwa mkataba wa awali na serikali, mazungumzo yakaendelea. Kufuta vitabuni hakumaanishi gesi imepotea, ilimaanisha wao waliona wakati huo haitawalipa. Ile kanuni niliyokueleza juu, ya bei na masharti, imefanya kazi yake hapa hapa kwetu.

Sasa mkopo. Mimi ni mtu wa miamba, sio wa ardhi wala wa benki, lakini kwa kile ninachokijua: tukio la kuangalia ni tangazo la uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, lililosainiwa na kampuni zote, sio hotuba, sio ziara, sio semina. Siku likitangazwa bado kuna miaka kama mitano mpaka saba ya ujenzi, na ujenzi ndio unaoleta watu, wapangaji na wanunuzi wa saruji dukani kwako. Maana yake hata ukisubiri tangazo hujachelewa, pengine utanunua kwa bei ya juu kidogo, lakini riba ya benki haitakuwa imekula faida yako kwa miaka usiyoijua idadi. Viwanja vyako vya 2013 ungekuwa umevinunua kwa mkopo leo ungekuwa umeshanyang'anywa duka. Kama una hela yako ya ziada, ambayo ikilala miaka 15 watoto hawakosi ada, hilo ni suala jingine, watu wamepata kwa kununua mapema na sitakudanganya kwamba hakuna.

Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, nenda mwenyewe kwa miguu yako. Eneo la kiwanda Likong'o, zaidi ya hekta 2,000, limeshatwaliwa na serikali na wenyeji walilipwa fidia, kwahiyo ofisi ya ardhi ya halmashauri Lindi wakuonyeshe kwenye ramani ya mipango miji hivyo viwanja vitatu viko ndani ya mpaka, nje, au kwenye njia ya bomba. Fanya upekuzi wa hati kwa msajili, zungumza na mwenyekiti wa mtaa na majirani bila dalali kuwepo, na mpe wakili mkataba ausome. Dalali akikwambia hakuna muda wa hayo, jibu umeshalipata. Kuhusu duka na riba ongea na mhasibu anayejua mzunguko wako, mimi siwezi kukuhesabia nikiwa mbali. Ukitaka kuthibitisha namba za gesi, wasimamizi wa mkondo wa juu, yani utafutaji na uchimbaji, ni PURA, na TPDC ndio shirika letu la mafuta na gesi, waulize swali moja tu: hii ni gesi iliyopo ardhini, inayoweza kutolewa, au akiba? Watakujibu, ni swali wanalolielewa vizuri sana.

Na shemeji mwambie hivi, gesi ya mtungi sio ya Songo Songo. Ya mtungi ni propani na butani, inakuja na meli kutoka nje na bei yake inafuata soko la dunia na dola. Ya kwetu karibu yote ni methani, haikai kimiminika kwenye mtungi wa kawaida kwa joto letu, inataka bomba mpaka jikoni au kubanwa kwa presha kubwa kama ile ya kwenye magari. Kuna nyumba Dar na Mtwara zimeshaunganishwa kwa bomba. Kama mtaa wenu uko karibu na njia ya bomba nendeni TPDC hapo Mtwara mkaulize utaratibu wa kuunganishwa, hiyo inaweza kumpunguzia gharama ya jikoni mapema kuliko kiwanda cha Lindi.